Je, wajua? Mtoto mmoja kwenye filamu mara nyingi ni wawili

Ukitazama tamthilia ya Marekani yenye mtoto mchanga, mkazie macho anapohamishwa kutoka chumba kimoja hadi kingine. Sebuleni analia kwa nguvu zote, jikoni katulia kama si yeye. Na huenda kweli si yeye. Watayarishaji wana mazoea ya kuajiri mapacha wanaofanana na kuwapa nafasi moja, na wapo mastaa wa leo ambao kazi yao ya kwanza kabisa ilikuwa kugawana mhusika mmoja na ndugu.

Kinachosababisha hayo ni saa ya ukutani. Katika jimbo la California, ambako Hollywood ipo, mtoto wa kati ya siku 15 na miezi 6 anaruhusiwa kuwa eneo la kurekodia kwa saa 2 tu kwa siku, na ndani ya saa hizo kazi yenyewe isizidi dakika 20. Tena si wakati wowote: ni kati ya saa tatu na nusu na saa tano na nusu asubuhi, au saa nane na nusu hadi saa kumi na nusu alasiri. Taa kali zisimmulike zaidi ya sekunde 30 kwa mkupuo. Lazima muuguzi awepo, na mwalimu wa studio awepo pia. Mwalimu wa kichanga cha wiki tatu! Hamfundishi kitu, bila shaka, ila ndiye mwenye dhamana ya afya na usalama wa mtoto, na akisema mtoto aondolewe, mwongozaji hana la kufanya. Aliye chini ya siku 15 haguswi kabisa. Aliye chini ya mwezi mmoja hutakiwa kuwa na cheti cha daktari kinachoeleza kwamba alizaliwa miezi imetimia, akiwa na uzito wa kawaida, na kwamba macho, moyo, mapafu na kinga yake vinahimili kazi hiyo.

Sasa piga hesabu. Tukio la dakika moja kwenye skrini linaweza kula nusu siku: taa zinapangwa upya, kamera inahamishwa upande wa pili, mwigizaji mkubwa anasahau maneno yake, wanarudia. Dakika 20 zinayeyuka. Ukiwa na mapacha, unazo 40, na pacha mmoja akinuna au akisinzia, mwingine yupo. Wakati wa kupanga taa na kufanya mazoezi, hutumika mwanasesere aliyeviringishwa blanketi. Hutumika pia pale ambapo kamera inaona kisogo tu.

Wakati mwingine mwanasesere hupewa kazi yote. Mwaka 2014 watazamaji wa American Sniper walicheka kuona Bradley Cooper amepakata mtoto wa plastiki asiyepumua. Mwandishi wa filamu hiyo alieleza baadaye kuwa mtoto wa kwanza alifika na homa, na wa akiba hakutokea.

Mfano maarufu zaidi wa kugawana nafasi ni wa Mary-Kate na Ashley Olsen, waliozaliwa Juni 1986. Waliingia kwenye Full House, iliyoanza kurushwa 1987, na kwa misimu minane wakamcheza binti mmoja, Michelle. Kilichonivutia ni orodha ya majina. Kwa miaka mingi iliandikwa “Mary Kate Ashley Olsen”, bila “na” katikati, ili mtazamaji adhani ni mtu mmoja mwenye jina refu. Ujanja huo haukuwa mpya: katika Little House on the Prairie, miaka ya 1970, mapacha wawili waliandikwa “Lindsay Sidney Greenbush”. Dylan na Cole Sprouse, waliozaliwa 1992, nao walianza hivyo mwaka 1993 katika Grace Under Fire, na mwaka 1999 wakagawana tena mtoto mmoja katika Big Daddy. Ilipofika 2005 ndipo Disney ikawapa kipindi ambacho Dylan ni Zack na Cole ni Cody, kila mmoja na maneno yake.

Saa ni nusu tu ya ulinzi huo. Nusu nyingine ni fedha, nayo ilikuja kwa machozi ya mtu. Jackie Coogan aling'ara mwaka 1921 akiwa mtoto, kando ya Charlie Chaplin katika The Kid. Inakadiriwa utotoni aliingiza dola milioni 3 hadi 4. Baba yake alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1935, na mwaka huohuo Jackie akatimiza miaka 21, akataka chake. Hakukuwa na kitu cha maana kilichobaki. Mama na baba wa kambo walikuwa wametumia. Kwa sheria ya wakati ule hawakuiba, maana mapato ya mtoto yalikuwa mali ya wazazi. Alikwenda mahakamani mwaka 1938, akaishia kupata takriban dola 126,000. Mwaka 1939 California ikatunga sheria ambayo hadi leo watu huiita kwa jina lake.

Sheria ile ya kwanza ilikuwa na matundu, na iliwaacha watoto wengi bila ulinzi. Marekebisho yaliyoanza kutumika mwaka 2000 ndiyo yaliyotamka wazi kwamba anachopata mtoto ni mali ya mtoto, na kwamba asilimia 15 ya malipo iwekwe kwenye akaunti iliyofungwa mpaka afikishe miaka 18. Coogan mwenyewe alirudi kwenye televisheni mwaka 1964, mnene na mwenye upara, akiwa Uncle Fester wa The Addams Family. Wengi waliomcheka hawakujua ndiye yule mtoto.

Kadiri mtoto anavyokua, saa zinalegezwa. Mwenye miaka 6 hadi 8 hufanya kazi saa 4 siku za shule, na saa 3 za masomo ziko palepale studio. Mwenye miaka 16 au 17 hufikia saa 6, bado na masomo yake 3. Hapo ndipo kijana anapobanwa vibaya zaidi: nafasi ya mwanafunzi wa sekondari anaipoteza kwa mtu wa miaka 20 na kitu mwenye sura changa, kwa kuwa huyo anaweza kurekodi mchana kutwa bila mwalimu. Ndiyo sababu wanafunzi wengi wa kwenye skrini wanaonekana wamekomaa mno. Wapo vijana wa miaka 16 wanaofanya mapema mtihani wa jimbo wa kumaliza sekondari, si kwa kupenda vitabu, bali ili waruhusiwe kufanya kazi saa za watu wazima.