Je, wajua kwa nini "kipimo cha kushindiliwa" kinafuata mara tu baada ya "msihukumu"?

Kama umewahi kusali Moshi au Arusha, huenda umeusikia mstari huu wakati wa matoleo: "Wapeni watu vitu, nanyi mtapewa, kipimo cha kujaa na kushindiliwa, na kusukwa-sukwa hata kumwagika." Ni Luka 6:38. Kwaya inaimba, watu wanasogea mbele na bahasha zao, na wengi tunaondoka na wazo moja tu: nikitoa, narudishiwa zaidi.

Sasa soma mstari wa 37: "Msihukumu, nanyi hamtahukumiwa, msilaumu, nanyi hamtalaumiwa, achilieni, nanyi mtaachiliwa." Kutoka hapo Yesu anaingia moja kwa moja kwenye kutoa. Kuna uhusiano gani?

Tuanze na kipimo chenyewe. Nenda Soko la Mbuyuni, Moshi, ukanunue maharage. Muuzaji mwenye roho nzuri anajaza sado, anaitikisa maharage yakae vizuri, anashindilia kwa kiganja, kisha anaongeza tena mpaka juu panainuka na mengine yanamwagikia kwenye turubai. Mchoyo anamimina juujuu, anapitisha mkono kusawazisha, basi. Sado ni ile ile na bei ni ile ile. Waliomsikiliza Yesu waliyajua mambo hayo ya kupimiana nafaka. Hata anapomalizia kwamba mtapewa "vifuani mwenu", anasema habari ya pindo la vazi walilokingia nafaka, jinsi mama wa kwetu anavyokinga kwa kanga. Ruthu alipimiwa shayiri ya Boazi kwenye shela yake kwa namna hiyo hiyo (Ruthu 3:15).

Lakini kinachopimwa ni nini? Mathayo anatusaidia. Katika 7:2 ameandika kipimo hicho hicho bila kugusa kabisa habari ya kutoa vitu: "hukumu ile mhukumuyo, ndiyo mtakayohukumiwa, na kipimo kile mpimiacho, ndicho mtakachopimiwa." Kwa hiyo kipimo kinahusu pia namna unavyomhesabia mwenzako makosa yake. Luka ameyaweka yote mawili pamoja kwa kuwa yanatoka kwenye mstari wa 36: "Basi, iweni na huruma, kama Baba yenu alivyo na huruma." Anayetoa sana huku anawasema wenzake vibaya ameshika nusu tu ya neno.

Sababu mojawapo ya kuikata nusu hiyo ni namba. Luka hakuandika namba zozote. Sura tulizonazo zilipangwa karne ya 13, na mistari ya Agano Jipya iliwekewa namba na mchapaji Mfaransa Robert Estienne mwaka 1551. Zinarahisisha kutafuta, ila zinarahisisha pia kuchomoa mstari mmoja na kuacha jirani zake.

Kwetu panapouma zaidi ni kwenye daftari la michango. Msiba ukitokea, kuna wanaouliza kwanza: huyu kwenye harusi ya mwanangu alitoa ngapi? Alihudhuria kikao? Basi hata sisi tusiende. Hapo kutoa na kuhukumu vimekutana kwenye ukurasa mmoja, na mfiwa anapimiwa kwa mkono wa kusawazisha. Huenda mwaka ule hakuwa na kitu, akaona haya kusema. Yesu alishaligusa hilo katika mstari wa 34: hata wenye dhambi huwakopesha wenye dhambi, ili warudishiwe vile vile.

Hii haina maana kwamba Mkristo asione kosa. Katika sura hiyo hiyo mti unajulikana kwa matunda yake, na mwenye boriti jichoni akishaitoa ndipo anaona vema kukitoa kibanzi cha ndugu yake. Kibanzi kinatolewa kweli. Ila atakayekitoa ni yule aliyeanza na jicho lake mwenyewe, na mkono wake utakuwa mwepesi kwa sababu anajua maumivu yake.

Sura inaishia kwa wanafunzi wenyewe. "Kwa nini mnaniita, Bwana, Bwana, walakini hamyatendi nisemayo?" Swali hilo la mstari wa 46 linaulizwa watu waliokwisha kumfuata na kukaa kumsikiliza. Halafu zinakuja nyumba mbili na mafuriko: wenye nyumba wote wawili walisikia, lakini aliyechimba chini sana na kuweka msingi juu ya mwamba ni yule aliyetenda.