Kwa nini redio inapiga wimbo uleule kutwa nzima?

Panda daladala Mbagala saa moja asubuhi, shuka Kariakoo, fanya shughuli zako, kisha rudi saa nane mchana. Usishangae wimbo uliokusindikiza asubuhi ukakupokea tena mchana. Mara ya kwanza unatikisa kichwa. Mara ya nne unamwomba konda abadilishe stesheni, naye anakusikiliza, anabadilisha. Huko nako wimbo ni huohuo, ndiyo kwanza umefika kwenye kiitikio.

Lawama humwangukia mtangazaji. Masikini, mara nyingi hana kosa. Kwenye redio nyingi za biashara mtangazaji hachagui nyimbo: akiingia studio anakuta zimeshapangwa na programu ya kompyuta (Selector ni mojawapo inayojulikana sana), yeye ni wa kuongea katikati. Anayeamua ni meneja wa muziki. Huyu huzigawa nyimbo zake kwa mafungu: za moto, zinazopanda, zinazoshuka, za zamani. Kisha huchora duara mfano wa uso wa saa na kupanga kila fungu liingie dakika ya ngapi.

Tupige hesabu. Tuseme fungu la moto lina nyimbo 7, na kila saa lina nafasi 3. Kwa siku ni nafasi 72, yaani kila wimbo unapigwa kama mara 10 na kurudi kila baada ya saa mbili na dakika ishirini. Kwa nini 7, si 6? Zingekuwa 6, wimbo ungerudi kila baada ya saa mbili kamili, na anayewasha redio kila siku saa kumi na mbili asubuhi angekutana na zilezile tatu. Saba zinazunguka, leo hizi, kesho nyingine. Konda anayeanza kazi saa kumi na moja alfajiri na kumaliza saa tatu usiku atausikia kila mmoja karibu mara saba.

Ila orodha haikupangwa kwa ajili ya konda. Umewahi kumsikia machinga aliyerekodi sauti kwenye spika, "buku buku, buku buku"? Jirani yake wa meza ya pili anakaribia kurukwa na akili, lakini tangazo lile ni la mpita njia, na mpita njia hulisikia mara moja tu. Redio nayo inamwinda mpita njia: aliye jikoni dakika ishirini, aliye kwenye foleni, anayenyoa saluni. Marekani, kwa miaka mingi wapimaji wa wasikilizaji walimhesabu mtu kwa robo saa akiwa amesikiliza walau dakika tano (tangu 2025, kwenye vipimo vya kielektroniki, zinatosha dakika tatu). Dakika tano ni wimbo mmoja na kipande. Ukiwa wewe ndiye meneja, na bei ya matangazo yako inategemea hesabu hiyo, utamwekea nini mgeni wa dakika tano? Wimbo asioujua?

Mtindo wenyewe ulishika kasi Omaha, jimbo la Nebraska, miaka ya 1950, kwenye redio KOWH ya Todd Storz. Inasimuliwa kwamba Storz na mwenzake walikaa kwenye baa yenye mashine ya muziki ya kutumbukiza sarafu. Wateja walikuwa wakirudia nyimbo chache zilezile. Wateja hao walipoondoka, mhudumu aliyekuwa amezisikia siku nzima akatoa sarafu zake mwenyewe, akauchagua wimbo uleule uliokuwa umepigwa kuliko zote. Kisa kina matoleo kadhaa, lakini mtindo huo, ulioitwa redio ya nyimbo arobaini bora (Top 40), ulikwenda kuenea dunia nzima. Kwetu Tanzania nafasi ilipatikana baada ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 kuziruhusu redio binafsi, ambazo mkate wao ni matangazo.

Na yule mhudumu hakuwa kituko. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc aliwaonyesha watu maneno yasiyo na maana, alama mfano wa maandishi ya Kichina na picha za sura za watu. Kilichoonyeshwa mara nyingi zaidi ndicho kilichopendwa zaidi, bila sababu nyingine. Lakini mazoea yana mpaka, na baada ya hapo ni kukinai. Redio zenye uwezo huwachezea wasikilizaji vipande vya nyimbo na kuwauliza upi umewachosha, ili wautoe kabla mtu hajahama stesheni.

Hongo ipo pia. Marekani ilibidi sheria irekebishwe mwaka 1960 baada ya kashfa ya watangazaji waliolipwa kwa siri ili wapige nyimbo fulani. Hata hivyo, naona hongo tunaisingizia mno. Toa hongo yote, na orodha bado itakuwa fupi, kwa sababu meneja anaogopa. Wimbo mgeni unaweza kumfukuza msikilizaji. Uliozoeleka utamchosha polepole tu.

Wa kwanza kuchoka huwa mtangazaji mwenyewe. Kwenye fani kuna msemo kwamba ukianza kuuchukia wimbo, ndipo msikilizaji anaanza kuupenda. Kwa hiyo anaupiga, anashusha sauti ya spika ya studio mpaka chini, anachukua simu yake kusoma meseji, na zikibaki sekunde kumi anavaa tena headphone.