Lile Ghorofa la Karibu na Stesheni Halisubiri Mwekezaji

Jumamosi iliyopita nilikuwa kijiweni nakunywa kahawa. Mzee mmoja wa Ujiji ninayemheshimu sana akanigeukia: "Injinia, hivi lile ghorofa la mjini si limesimama tu? Kuta zile za zamani hazina tabu. Siku akipatikana mwekezaji ni kuingia na kupaka rangi." Nilimjibu kwa adabu, maana ni mzee wangu. Lakini maneno hayohayo nimeyasikia sokoni, nimeyasikia kwenye kikao cha familia yenye jengo lenyewe, na nimeyasikia kwa mtu wa benki aliyevaa tai. Mwezi huu pekee hii ni mara ya nne. Naandika hapa ili nikiulizwa tena nitume hii, nisianze upya.

Kwa msioijua Kigoma: ni jengo la ghorofa mbili, si mbali na stesheni. Mwaka umechongwa juu kwenye paji la jengo, elfu moja mia tisa hamsini na kitu. Tarakimu ya mwisho imemeguka. Chini kuna fremu sita za maduka, juu nyumba ya kuishi yenye roshani ndefu inayotazama ziwa. Huko kwenye miji mikubwa wana maghorofa marefu ambayo mji mzima unaelekezana kwayo. Sisi huku mwisho wa reli tunaelekezana kwa hilo. Kwanza waliuza vitambaa, baadaye likawa stoo ya mawese, mwenye mali akafariki, watoto wakatawanyika. Ndipo akaja mwekezaji. Aliona reli mpya inajengwa kutoka Tabora kuja huku, akataka hoteli. Mafundi wakasimamisha mirunda, wakashusha mabati ya upande wa nyuma, wakang'oa madirisha, milango, dari na vyuma vya ngazi. Kisha hela ikakata. Tangu hapo mvua zimepita misimu minne.

Sasa twende kwenye gata, ule mfereji wa maji ya mvua kwenye ukingo wa paa.

Watu wanafikiri jengo linauawa na uzee au tetemeko. Kwenye majengo yote matupu niliyoyaingia, hapa na Tabora, kilichoanza kuua ni gata lililoziba. La hapa limejaa majani ya mwembe wa jirani. Maji hayana pa kwenda, yanarudi ndani, yanashuka ukutani, yanafika pale slabu, ile sakafu ya zege ya juu, inapokaa juu ya ukuta na kutulia hapo. Ukiingia chumba cha pembeni juu utaona mchirizi wa kahawia kuanzia kwenye boriti hadi sakafuni, rangi ya chai ya rangi iliyomwagika. Nenda chini ya roshani, weka kiganja kwenye lipu, bonyeza kidogo. Inatoka nzima, kubwa kama sinia, na nyuma yake utakuta nondo. Mimi niliigusa kwa ukucha ikabanduka vipande kama magamba ya samaki kuhe. Nondo hiyo iliwekwa ikiwa nene kama kidole gumba. Iliyobaki katikati, ile ambayo bado ni chuma, ni kama penseli.

Hapa ndipo watu wanapogawanyika makundi mawili, na makundi yote mawili yananichosha. Kundi la kwanza ni la mzee wangu: majengo ya zamani ni imara, basi. Kundi la pili linasema jengo limechoka, miaka yake imeisha, livunjwe. Wote wanaongelea umri. Umri si hoja.

Nieleze taratibu, maana hii sehemu ndiyo inayorukwa kwenye vikao. Zege likiwa zima lina alkali, na hiyo alkali ndiyo inayoilinda nondo isishike kutu. Hewa ya kabonidayoksaidi inapenya zege kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, na kila inapofika alkali inakufa. Inaanzia nje kuelekea ndani. Kuna dawa inaitwa fenofthaleini. Unavunja kipande kibichi cha zege, unapulizia. Palipo hai panageuka waridi iliyokolea kabisa, rangi ya juisi ya rosela. Palipokufa panabaki kijivu. Nilivunja kipande chini ya roshani, nikapulizia mbele ya wanafamilia wawili. Katikati ikawaka waridi, wakashangilia. Nikawaonyesha ukingo: nusu ya kidole nzima ilikuwa kijivu, na nondo iko ndani ya hicho kijivu, kwa sababu fundi wa wakati ule aliacha kava ndogo, yaani zege jembamba mno la kuifunika nondo. Kinga ya nondo ile imekwisha zamani, pengine tangu sisi tuko shule ya msingi.

Mbona basi jengo halikudondoka miaka yote hiyo? Kwa sababu lilikuwa kavu. Nondo isiyo na kinga lakini haipati maji inaweza kukaa miongo bila kufanya lolote. Ilikuwa na paa juu. Kulikuwa na mama wa nyumba ambaye kila kabla ya mvua alimpandisha kijana kusafisha gata. Siku mabati yaliposhushwa, nondo iliyokuwa uchi ikaanza kunywa. Na kutu si kama rangi ya kufuta: chuma kikigeuka kutu kinataka nafasi mara mbili, hata mara sita, ya ile kilichokuwa nayo. Kinasukuma, zege linapasuka, ufa unaingiza maji mengine. Kwa hiyo misimu hii minne imelifanyia jengo kile ambacho miaka sitini iliyotangulia haikulifanyia. Lina umri uleule, zege ni lilelile na nondo ni zilezile. Kilichobadilika ni paa.

Nikisema hivyo naletewa mfano wa stesheni yetu. "Mbona Wajerumani walijenga, reli ikafika hapa 1914, na mpaka leo ipo?" Ipo, na naipenda, na kila mgeni nampeleka kuiona. Lakini ipo kwa sababu kuna watu ndani. Tiketi zinauzwa, mtu anafagia, bati likivuja mkubwa wa kituo ananyeshewa mezani kwake na anapiga kelele. Jengo linaloishi watu lina walinzi wa bure kila chumba.

Anayetaka kuona stesheni ikiwa tupu, aiangalie ya Detroit, Marekani, Michigan Central. Nayo ni ya zama hizohizo. Ilifunguliwa 1913, ikiwa na mnara wa ghorofa 18 nyuma yake. Treni ya mwisho iliondoka 1988. Tangu hapo ikawa tupu, ikaibiwa shaba na vyuma, madirisha yakavunjwa, maji yakaingia. Mwaka 2009 baraza la mji lilipiga kura ivunjwe, haikuvunjwa. Miaka michache baadaye mwenye jengo akaweka madirisha mapya zaidi ya elfu moja, na watu wengi wakamcheka: unawekaje madirisha kwenye gofu? Mimi nasema hayo madirisha yalikuwa kazi ya maana kuliko picha zote za mapendekezo zilizokuwa zimechorwa kabla. Kampuni ya Ford ilipolinunua 2018, haikuanza na rangi. Ilianza na kukausha. Mamilioni ya galoni za maji yalivutwa kutoka ghorofa ya chini ya ardhi, kuta zikaachwa zitoe unyevu, ndipo mafundi wakaanza kugusa. Dari la ukumbi wa abiria lina vigae kama 29,000 vilivyopangwa kwa mtindo wa Guastavino, yaani vigae vyembamba vinavyounganishwa kuwa kuba. Vilivyohitaji kubadilishwa vilikuwa kama 1,300 tu. Jengo likafunguliwa tena Juni 2024. Miaka 36 tangu treni ya mwisho. Na wenzetu wale wana fedha ambazo Kigoma nzima hatuna, bado walianza na maji.

Sasa jambo linaloniuma kuliko yote. Jengo lililoachwa bila kuguswa lina nafuu kuliko lililoanza kukarabatiwa likakwama. Watu hawaamini hili. Wanaona mirunda, wanasema "angalau wameanza." Ndugu zangu, walichoanza ni kuvua. Kila mwekezaji anaanza na kubomoa ndani, kwa sababu kubomoa ni rahisi, kunaonekana, na picha zake zinamridhisha aliyetoa hela: chumba kilikuwa na uchafu, sasa ni cheupe. Kufunga paa na kuzibua gata hakuna mtu anapiga picha. Hivyo awamu ya kwanza ya fedha inaliwa na kulidhoofisha jengo, na awamu ya pili, ile ambayo ingelifunga, ndiyo inayokuja au isije.

Hii si tabia ya Kigoma peke yetu. Johannesburg kuna Ponte, mnara wa mviringo wenye ghorofa 54 uliomalizika 1975. Mwaka 2007 wakaja watu na mpango mkubwa wa kuufufua. Wapangaji wa ghorofa nyingi wakahamishwa, vyumba vikavuliwa vyote ndani. 2008 mgogoro wa fedha wa dunia ukaingia, benki zikarudi nyuma, mpango ukafa, na ghorofa zile zikabaki maganda. Ponte ilipona kwa sababu wenye jengo la awali walilirudia, wakalitengeneza, watu wakahamia tena. Walikuwepo wa kurudi. Huku kwetu mwekezaji akiondoka anaiachia familia ngazi isiyo na vyuma na nyumba isiyo na paa.

Kuhusu hela na mirathi sisemi mengi, maana kila mtu mjini ni bingwa wa hilo. Hati ina jina la marehemu, warithi wako wanane, wawili wako nje ya nchi, msimamizi wa mirathi ni mmoja na anaogopa kutoa hata laki moja bila saini za wenzake. Benki haitoi mkopo kwa hati ya hivyo. Yote ni kweli. Lakini gata halihitaji hati. Hakuna mahakama itakayomlaumu msimamizi kwa kuziba tundu la paa la mali aliyokabidhiwa ailinde.

Niseme na yale nisiyokuwa na hakika nayo, kwa sababu ripoti zetu huwa zinayaficha kwenye kurasa za nyuma. Nimelipima zege la pale kwa nyundo ya Schmidt, kifaa kinachogonga zege na kusoma kinavyodunda, na namba zilizotoka ni nzuri. Siziamini. Zege likiisha alkali uso wake unakuwa mgumu, nyundo inadunda vizuri, kifaa kinakupa nguvu ambayo ndani haipo. Tulikata vipande vitatu vya kupeleka maabara, navyo vilirudi na majibu ya wastani. Vipande vitatu vinanieleza mahali patatu. Slabu ya juu ina vyumba tisa. Kwenye ripoti yangu niliandika kwamba jengo linaweza kuokolewa, isipokuwa roshani, ambayo lazima ivunjwe na kumwagwa upya. Niliandika hivyo kabla ya msimu wa pili wa mvua. Leo ningeulizwa tena ningesema bado linaokoleka, lakini ningeomba kwanza tupakie mapipa ya maji juu ya slabu tuone inavyopinda, na usiku ule nisingelala vizuri.

Na gharama. Kwenye jengo jipya unaweka fungu la dharura la asilimia 10 ya gharama na unajiona mwangalifu. Kwenye jengo la zamani mimi naweka 30, na sina msingi wa kisayansi wa hiyo 30, ni uzoefu wa kuumizwa. Ukuta haukuambii bei mpaka uufungue. Mwekezaji anayetaka namba moja kamili kabla ya kufungua ukuta anataka nimdanganye, na wapo watakaomdanganya.

Ninachoiomba familia ni kidogo sana kuliko hoteli. Wanafamilia walioniita mara ya mwisho waliniuliza: tulifunge kwa ajili ya nani, wakati hatujui nani atakuja? Nikawakumbusha meli ya Liemba. Kila mtoto wa Kigoma anaijua hadithi, lakini tunaisimulia kwa kishindo cha kuzama na kuibuka, tunaruka sehemu ya mafundi. Wajerumani walipoona wanashindwa, Julai 1916, wakaamua kuizamisha meli yao wenyewe. Kabla ya kuizamisha, mafundi wakazipaka injini grisi nzito. Hawakuwa na hakika watarudi, na hawakurudi. Waingereza wakaiopoa 1924, wakaisafisha, na 1927 ikawa inabeba abiria ziwani. Miaka minane baada ya kuzamishwa, injini zikapona kwa sababu ya kazi ya grisi.

Grisi ya ghorofa letu ninaijua na nimeiandika kwenye karatasi moja tu. Kuzibua gata na kubadilisha vipande viwili vilivyooza. Kurudisha mabati upande wa nyuma, hata yaliyotumika, juu ya papi za muda. Mbao kwenye madirisha, zikiachwa nafasi ya kidole juu na chini ili hewa ipite, maana ukiziba kabisa unyevu unabaki ndani na popo wanafurahi. Nguzo za miti chini ya roshani, na uzio barabarani, kwa sababu wamama wa dagaa wanaweka meza zao palepale chini na mimi kila nikipita naangalia juu kwanza. Kukata ule mtini unaoota kwenye ufa wa paji, pale tarakimu ilipomeguka, na kupaka dawa kwenye kisiki, vinginevyo mizizi itaendelea.

Kazi hiyo ni siku sita na mafundi watatu. Mvua hapa zinaanza Oktoba. Nina mabati arobaini kwenye stoo yangu ya Mwanga, hapahapa Kigoma, yametoka kwenye shule tuliyoezeka upya, yana matundu ya misumari lakini yanazibika. Siyauzi. Msimamizi wa mirathi ana namba yangu, na jana nimempigia tena.