W-2 au 1099: dereva wa lori Marekani ameajiriwa au anajitegemea?

Hili suala linawachanganya sana madereva wetu huku Marekani, hasa wale ambao wametoka tu kupata CDL, leseni ya kuendesha magari makubwa ya biashara, na wanatafuta kampuni ya kwanza. Utasikia mtu anajisifu "mimi niko 1099" kama vile ni cheo, kumbe 1099 ni fomu tu ya kodi anayopewa mtu asiye mwajiriwa, na W-2 ndo ya mwajiriwa. Fomu haikufanyi uwe hiki wala kile, inatakiwa ifuate kazi yako ilivyo barabarani, na hapo ndo kampuni nyingi ndogondogo zinapocheza mchezo.

Mwajiriwa anajulikana. Gari la kampuni, dizeli ya kampuni, tairi likipasuka usiku Nebraska unapiga simu ofisini wao ndo wanalipa. Dispacha, yule anayepanga mizigo ofisini, anakwambia mzigo upi na saa ngapi. Kodi inakatwa kabla hela haijafika benki, ile ya Social Security na Medicare (pensheni na matibabu ya uzeeni) unatoa asilimia 7.65 na mwajiri anatoa 7.65 yake. Ukiumia kazini kuna bima ya wafanyakazi, ukipunguzwa unaweza kuomba pesa ya kukosa kazi. Ila ovataimu usiihesabu, sheria ya shirikisho ya kulipwa zaidi baada ya saa 40 kwa wiki haiwahusu madereva wengi wa malori makubwa yanayovuka majimbo, hata kama una W-2 yako safi kabisa.

Anayejitegemea kikweli ni mfanyabiashara. Ana gari lake, mara nyingi na kampuni yake ndogo, ama anatembea kwa kibali chake mwenyewe cha kusafirisha mizigo ama amejiunga chini ya kibali cha kampuni nyingine kwa mkataba. Mzigo hautaki, anaukataa. Anataka kuegesha gari mwezi mzima aende Mombasa kuona wazazi, haombi ruhusa ya mtu. Lakini dizeli ni yake, breki ni zake, bima ni yake, ile kodi ya kila mwaka ya magari mazito ambayo kwa lori kubwa inafika dola 550 ni yake, na kodi ya kujiajiri ni asilimia 15.3, yaani nusu zote mbili anabeba peke yake. Chukua mtu aliyebaki na dola 70,000 baada ya gharama zote, kodi ya kujiajiri peke yake inakaribia dola 9,900 (haihesabiwi kwenye faida yote), na hapo kodi ya mapato bado hujaigusa. Mwajiriwa mwenye mshahara wa 70,000 angekatwa kama 5,355. Tena mwenye biashara anatakiwa alipe mara nne kwa mwaka, sio kusubiri Aprili halafu uanze kukopa kwa mashemeji.

Sasa tatizo liko katikati. Gari sio lako, hujui hata limenunuliwa bei gani, mzigo unapangiwa, ukikataa unakaa siku tatu bila kazi, kuendesha kwa kampuni nyingine huruhusiwi, halafu mwisho wa mwaka unaletewa 1099. Bana, hapo wewe ni mwajiriwa ambaye bosi wake hataki kumlipia kodi. Anakwambia "huku hatukukati kitu, hela yote unaichukua wewe", na kweli cheki ya wiki inakuwa nene, manake ile 7.65 yake ameokoa, bima ya kuumia ameokoa, na mzigo wote kakuachia wewe bila kukwambia.

IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, wao wanaangalia nani anaamua kazi ifanywe vipi, nani kaweka mtaji na nani anaweza kupata hasara, na uhusiano wenyewe ukoje. Kusaini karatasi inayosema "mimi najitegemea" hakumalizi mjadala. California ni wakali zaidi, sheria yao ya AB5 iliyoanza 2020 inawahesabu watu wengi kuwa waajiriwa mpaka kampuni ithibitishe vitu vitatu: kwamba haimwongozi mtu kazini, kwamba kazi yake iko nje ya shughuli ya kawaida ya kampuni, na kwamba ana biashara yake kweli. Hicho cha pili ndo kinaua, kampuni ya kusafirisha mizigo itasemaje kuendesha lori sio shughuli yake? Malori yalikingwa na amri ya mahakama kwa muda, hadi Juni 2022 Mahakama Kuu ya Marekani ilipokataa kuisikiliza kesi, na Julai wenye magari yao wakaifunga bandari ya Oakland kupinga. Na mimi nawaelewa, mtu kalipia lori lake miaka halafu anaambiwa lazima awe mfanyakazi wa mtu.

Wa kuangalia kwa macho mawili ni ule mpango wa kukodi gari kwa kampuni huku unalinunua. Kwenye karatasi wewe ni bosi, lakini gari la kwao, mzigo wa kwao, makato yanatoka kwenye cheki yako kabla hujaiona. Dereva Dominic Oliveira alishtaki kampuni ya malori ya New Prime kwa mpango kama huo, alidai kuna wiki cheki ilikuja chini ya sifuri. Januari 2019 Mahakama Kuu ikasema hata dereva aliyeandikwa kama anajitegemea hawezi kulazimishwa na ile sheria ya shirikisho ya usuluhishi kupeleka madai yake kwa msuluhishi wa faragha. Kama alikuwa mwajiriwa au la haikuamua, ila kampuni baadaye ilikubali kutoa dola milioni 28 kumaliza kesi.

Kama ushapewa 1099 na unaona kabisa ulikuwa unaendeshwa kama mwajiriwa, kuna fomu SS-8 unaijaza, haina malipo, unawaomba IRS waamue. Wakati unasubiri jibu unaweza kuweka fomu 8919 kwenye kodi zako ulipe ile nusu yako tu badala ya 15.3 nzima. Weka meseji za dispacha, usizifute.