Rust Peke Yake Haitoshi: Dhana Potofu Kuhusu Viunganishi Salama vya Vulkan

Programu inatengeneza bafa (eneo la kumbukumbu la kuwekea data), inatuma amri ya kuchora kwa GPU, chipu ya michoro, na funksheni ya kutuma inarudi papo hapo. Programu inadhani kazi imekwisha, inaifuta bafa. Kumbe GPU bado inaisoma. Hakuna ujumbe wowote wa kosa. Leo picha inatoka sawasawa. Kesho, kwenye mashine nyingine, pembetatu zinatawanyika skrini nzima au kompyuta inaganda.

Ndiyo Vulkan hiyo, kiolesura cha michoro kilichotolewa na Khronos Group tarehe 16 Februari 2016. Kinampa mwandishi wa programu karibu kila kitu mkononi: kumbukumbu, mpangilio wa kazi, kusubiriana kati ya CPU na GPU. Kimeandikwa kwa ajili ya lugha ya C, na C haimuulizi mtu maswali. Wanaotumia Rust, lugha iliyobuniwa kuzuia makosa ya kumbukumbu, hukifikia kupitia viunganishi, yaani msimbo wa kati unaozipa funksheni za C sura ya Rust. Vinavyojulikana zaidi ni ash na vulkano, na juu ya ash kuna wgpu, inayofuata kanuni za WebGPU (kiolesura cha michoro cha vivinjari) na kutumiwa ndani ya Firefox. Kuhusu kazi ya kuvitunza kuna mambo mengi yanayosemwa kwa uhakika ilhali si kweli, na wanaoyasema mara nyingi ni watu wanaojua kuprogramu vizuri kabisa.

Dhana: Ukiandika kwa Rust, tayari uko salama.

Kompaila ya Rust, yaani programu inayotafsiri na kukagua msimbo, inaona upande wa Rust tu. Ukivuka mpaka kuingia C, haijui pointa (anwani ya kumbukumbu) uliyoitoa itatumika mpaka lini, wala kama draiva, programu inayoiendesha GPU, itaihifadhi. Ndiyo maana katika ash karibu kila funksheni ya Vulkan imewekewa alama ya `unsafe`, yaani kompaila haiwezi kuihakikisha. Ash haidanganyi: inakuambia wazi kwamba kufuata kanuni ni juu yako.

Kiunganishi kinachojiita salama, kama vulkano, kinatoa ahadi nzito zaidi: msimbo wowote usio na `unsafe`, hata ukiandikwa ovyo kiasi gani, hauwezi kuleta tabia isiyobainishwa, yaani hali ambayo lolote linaweza kutokea. Ahadi hiyo haitolewi na kompaila. Inatolewa na mtunzaji, aliyeisoma kanuni, akaandika ukaguzi, kisha akaifunga `unsafe` ndani yake kwa niaba ya wengine wote.

Na sababu ya kujisumbua ipo. Mwaka 2019 Microsoft ilieleza kwamba takriban asilimia 70 ya udhaifu wa kiusalama inaourekebisha kila mwaka hutokana na makosa ya kumbukumbu. Mwaka 2020 timu ya Chromium ilitaja kiwango kama hicho kwa makosa yake makubwa ya usalama.

Dhana: `Drop` itasafisha kila kitu kwa wakati wake.

Hapa ndipo wengi huteleza. Katika Rust, kitu kikifika mwisho wa uhai wake, `Drop` huitwa na rasilimali huachiliwa. Utaratibu huo ni mzuri kwa faili, na kwa kumbukumbu ya kawaida. Lakini GPU ina saa yake. Picha ikichorwa mara 60 kwa sekunde, kila fremu ina milisekunde 16 na ushee, na kwa kawaida CPU huwa imeshaanza kuandaa fremu inayofuata kabla GPU haijamaliza iliyotangulia. Uhai wa bafa kwa macho ya Rust na uhai wake kwa macho ya GPU ni vitu viwili tofauti.

Njia ya mkato ni kuita `vkDeviceWaitIdle` kabla ya kufuta chochote. Inafanya kazi, na inaua kasi yote uliyoifuata Vulkan. Njia ya kweli ni kufuatilia: kila kazi iliyotumwa inashikilia rejeleo la kila kitu inachokigusa, na rejeleo haliachiliwi mpaka fensi, alama ambayo CPU huisubiri, itoe ishara kwamba GPU imemaliza. Wgpu na vulkano hufanya hivyo, kila moja kwa mpangilio wake.

Kuna na mtego wa pili. Katika Rust, kuvujisha kumbukumbu si kosa la usalama. Mtu anaweza kuita `mem::forget` bila `unsafe`, na `Drop` isiitwe kamwe. Jamii ya Rust iligundua uzito wa jambo hili mwaka 2015, wiki chache kabla ya toleo la 1.0, na kwa sababu hiyo funksheni ya `thread::scoped` ikaondolewa kwenye maktaba ya msingi. Kwa hiyo kiunganishi kinachotegemea `Drop` iitwe ili kisubiri GPU si salama. Muundo sahihi ni ule ambao, mtumiaji akisahau, kitu kinabaki hai milele. Kuvuja kunakera, ila hakumpi mtu yeyote pointa iliyokufa.

Dhana: Kuna faili la vk.xml, basi kiunganishi kinajizalisha chenyewe.

Nusu yake ni kweli, na nusu hiyo ni neema kubwa. Khronos hutunza faili moja, vk.xml, lenye kila muundo, kila funksheni na kila thamani. Humo imeandikwa ni pointa ipi inaweza kuwa tupu, urefu wa safu unatoka wapi, na ni kitu kipi kisiguswe na nyuzi mbili (kazi zinazokwenda sambamba) kwa wakati mmoja. Jenereta nzuri, yaani programu inayozalisha msimbo, husoma haya na kutema maelfu ya mistari ya Rust.

Lakini jenereta haina busara. Chukua mfano wa enamu, aina ya data yenye orodha maalumu ya thamani. Katika C, `VkResult` ni namba. Mtu angeifanya enamu ya Rust, ingependeza sana machoni. Tatizo ni kwamba draiva mpya kuliko kiunganishi chako inaweza kurudisha namba usiyoijua, na katika Rust enamu ikibeba thamani isiyo miongoni mwa zilizotajwa, hiyo tayari ni tabia isiyobainishwa, hata kabla hujaitazama. Kwa hiyo ash inaifunga namba ndani ya muundo mdogo na kuzipa thamani zinazojulikana majina. Uamuzi kama huo hautoki kwenye vk.xml, kuna mtu aliyeufikiria.

Mfano mwingine unaniuma zaidi, kwa kuwa ulikuwa wazi machoni pa kila mtu. Kwa miaka mingi ash ilikuwa na wajenzi wa miundo (vifaa vya kujaza muundo hatua kwa hatua) waliobeba muda wa uhai wa pointa zilizomo, yaani alama inayoiambia kompaila pointa itadumu hadi lini, na kompaila iliwalinda watumiaji vizuri. Ila ukiita `.build()` mwishoni, muda ule ulipotea, na ukabaki na muundo wenye pointa ghafi. Safu ya kupita tu ikafa, pointa ikabaki inaelekea hewani. Nyaraka zilionya, watu wakaita hivyo hivyo. Katika toleo la 0.38 muda wa uhai uliwekwa kwenye miundo yenyewe na mtego ukaondoka. Msimbo mwingi wa watumiaji ulivunjika kwa badiliko hilo, nami naona gharama hiyo ilistahili kulipwa.

Tena, kanuni nyingi hazimo katika vk.xml kabisa. Zimeandikwa kwa sentensi za Kiingereza ndani ya hati rasmi, kila moja ikiwa na kitambulisho kinachoanza na VUID. Hizo lazima binadamu azisome.

Dhana: Nikikosea, draiva itaniambia. Mbona kwangu inafanya kazi?

Draiva za Vulkan kwa makusudi hukagua kidogo sana. Kasi ndiyo sababu. Ukaguzi umewekwa kwenye matabaka ya ukaguzi yanayowashwa wakati wa kuandika programu na kuzimwa inapopelekwa kwa watumiaji. Nayo huona tu njia ambazo programu ilipita siku ile.

Programu iliyopimwa kwenye kompyuta yenye kadi ya Nvidia inaweza kuvunjika kwenye simu. Android ilianza kuikubali Vulkan katika toleo la 7.0, mwaka 2016, na simu nyingi zinazouzwa Kariakoo au Luthuli Avenue hubeba GPU za Mali, Adreno au PowerVR, zinazochora skrini kipande kwa kipande. Kosa la kutosubiriana ambalo kadi ya mezani hulifunika, hapo hujitokeza.

Dhana: Usalama unamaanisha mwendo wa konokono.

Muda wa uhai haugharimu chochote programu inapokimbia. Kazi yote imefanywa na kompaila. Kinachogharimu ni kuhesabu marejeleo na kufuatilia hali ya kila rasilimali kwa kila amri, na katika mchezo wenye maelfu ya amri kwa fremu, gharama hiyo inaonekana. Ndiyo maana WebGPU ina vifurushi vya amri: unarekodi na kukaguliwa mara moja, unatumia mara nyingi.

Dhana: Kiunganishi salama kinalinda hadi ndani ya GPU.

Hapana. Tangu Vulkan 1.2, sheda, programu ndogo inayokimbia ndani ya GPU, inaweza kupewa anwani ghafi ya bafa, na Rust haina jicho huko. Wgpu hupunguza hatari kwa kuongeza ukaguzi wa mipaka inapotafsiri sheda. Chini zaidi kuna draiva yenyewe: CVE-2022-38181, namba ya udhaifu uliotangazwa hadharani, ilikuwa kosa la kutumia kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa, ndani ya draiva ya Mali kwenye kerneli, kiini cha mfumo wa uendeshaji. Kiunganishi cha juu hakiwezi kuliziba shimo la aina hiyo.

Dhana: Kikishakamilika, kimekamilika.

Toleo la 1.1 lilitoka 2018, 1.2 mwaka 2020, 1.3 mwaka 2022, 1.4 Desemba 2024. Kila toleo halileti mapya tu, hubadili na maana ya ya zamani. Semafo, alama za kusubiriana kati ya kazi za GPU, za awali zilihitaji ishara iwe imeshatumwa kabla ya kusubiriwa. Semafo za mfululizo (timeline), zilizoingia katika 1.2, huruhusu kusubiri kwanza. Hadi 1.3, paipulaini ya michoro (mpangilio wa hatua za kuchora) ilihitaji kitu kiitwacho `VkRenderPass`. Sasa inaweza kuundwa bila hicho. Ukaguzi uliokuwa sahihi jana leo unamkataza mtu jambo halali, na ukiulegeza vibaya, unafungua mlango kwa jambo haramu.

Vulkano huambatanisha vitambulisho vya VUID kwenye makosa yake, na hilo ndilo lango jepesi zaidi kwa anayetaka kusaidia. Chagua funksheni moja, fungua hati ya Vulkan upande mmoja na msimbo upande wa pili, pitia kanuni moja baada ya nyingine, uangalie ipi haikaguliwi. Huhitaji kadi ya bei kubwa. Ukiwa na simu yenye Mali, endesha mifano ya maktaba juu yake na uripoti kinachovunjika, pamoja na jina la chipu na toleo la draiva.