Bresi za waya au alaina za plastiki: tofauti yake ni nini hasa, na ipi inakufaa

Mtu akisema anataka kufunga bresi, wengi picha inayowajia ni vile vyuma vinavyong'aa mbele ya meno, lakini miaka ya karibuni limeingia neno jingine, alaina, yaani zile trei za plastiki inayoonyesha ambazo mtu anaweza kuzivaa mkapiga stori nusu saa nzima usijue kama kavaa kitu. Kinachoulizwa sana ni ipi bora kati ya hizo mbili. Mimi naona swali hilo linaulizwa mapema mno, maana kabla hujajua meno yako yana shida gani na kabla hujajijua mwenyewe una nidhamu kiasi gani, hakuna mtu wa kukwambia ipi bora, hata daktari.

Tuanzie chini kabisa. Jino halijasimikwa kwenye taya kama nguzo kwenye zege. Kati ya mzizi wa jino na mfupa kuna utando mwembamba wa nyuzinyuzi, na ukilisukuma jino taratibu bila kuacha, upande ule linakoelekea chembechembe za mwili zinaanza kuula mfupa, na upande linakotoka chembechembe nyingine zinajenga mfupa mpya, kwa hiyo jino linasafiri ndani ya mfupa kabisa, takriban milimita 1 kwa mwezi kama mambo yanakwenda vizuri. Ndiyo maana matibabu yanachukua mwaka na zaidi, mara nyingi mwaka mmoja na nusu mpaka miwili kwa meno yaliyopandana sana, na ndiyo maana anayekuahidi kunyoosha kila kitu kwa mwezi umkimbie, kwa sababu nguvu ikizidi mzizi wenyewe unaweza kuliwa ukawa mfupi. Bresi na alaina zote zinafanya kazi hii hii moja, kusukuma jino mfupa uliwe huku ujengwe kule. Tofauti ni namna ya kusukuma.

Bresi ni hivi: kila jino linabandikwa kitu kidogo cha chuma au cha kauri kinaitwa breketi, halafu unapitishwa waya mmoja unaounganisha breketi zote. Waya wa kuanzia mara nyingi ni mchanganyiko wa nikeli na titani, na huo una tabia ya ajabu kidogo, unakumbuka umbo lake, daktari anaupindisha kuufuata mstari mbovu wa meno yako na wenyewe siku zote unataka kurudi kwenye upinde wake wa asili, sasa ukiwa unarudi unayaburuza meno nayo. Baadaye unawekwa waya mgumu zaidi wa chuma cha pua kwa kazi za mwishomwisho. Zile rangirangi unazoona ni vipira vidogo vinavyoshikilia waya kwenye breketi, havina maajabu mengine. Asili ya breketi tunazotumia leo ni ya Edward Angle, daktari wa Marekani, miaka ya 1920, ila zamani kila jino lilivishwa pete nzima ya chuma kuzunguka, mdomo mzima chuma, mpaka ilipowezekana kubandika breketi kwa gundi moja kwa moja kwenye jino, na mlango huo ulifunguliwa na utafiti wa Michael Buonocore wa 1955 ulioonyesha kwamba ukiikwaruza enameli, yaani gamba gumu la nje la jino, kwa asidi kidogo, gundi inashika.

Alaina ni mtoto wa juzi. Mwaka 1997 vijana wawili waliosoma Stanford, Zia Chishti na Kelsey Wirth, walianzisha kampuni ya Align Technology huko California, Chishti mwenyewe alikuwa amevaa bresi ukubwani na akapewa kile kiplastiki cha kuvaa baada ya matibabu, akagundua akikiacha siku kadhaa meno yanasogea na akikirudisha kinayasukuma tena yanakaa sawa, akajiuliza mbona tusitengeneze mfululizo wa viplastiki vingi, kila kimoja kikisukuma kidogo. Mwaka 1998 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ikaruhusu, na ndiyo Invisalign unayoisikia. Hataza zake kubwa, yaani haki za kisheria za kuzuia wengine wasiige uvumbuzi, zilianza kuisha mwaka 2017, kampuni nyingine zikamiminika sokoni, ndiyo maana leo unasikia majina chungu nzima.

Inavyofanya kazi, kinywa chako kinapigwa skani au kinachukuliwa umbo, kompyuta inapanga safari ya kila jino kutoka lilipo mpaka linapotakiwa, safari ile inakatwa vipande vipande, kila kipande trei moja, na trei moja inasogeza jino takriban robo milimita. Unavaa wiki moja au mbili, unahamia inayofuata. Wenye shida ndogo wanaweza kumaliza na trei kumi na kitu, wengine zinapita arobaini. Na kitu ambacho matangazo hayasemi kwa sauti ni kwamba kwa watu wengi daktari anabandika vinundu vidogo vya resini, aina ya plastiki ngumu yenye rangi ya jino, ili trei ipate pa kukamatia, na mara nyingine anasaga kidogo sana katikati ya meno kupata nafasi, na wengine wanavaa na mipira ya kuvuta kutoka taya la juu kwenda la chini kama wa bresi tu. Kwa hiyo "hazionekani kabisa" ipokee kwa tahadhari.

Sasa hapa ndipo penye kiini cha jambo. Bresi zimegundishwa, ukilala zinafanya kazi, ukisahau zinafanya kazi, ukikasirika zinafanya kazi. Alaina zinafanya kazi zikiwa mdomoni tu, na zinatakiwa ziwe mdomoni masaa 20 mpaka 22 kwa siku. Piga hesabu ya maisha yetu. Masaa 22 maana yake umebakiwa na mawili ya kula, kunywa na kupiga mswaki, na trei lazima utoe kila unapokula na kila unapokunywa kitu kisicho maji, kwa sababu chai na kahawa zinaipaka rangi na zikiwa za moto zinaikunja. Haya, chai ya asubuhi na chapati, chai ya saa nne ofisini, chakula cha mchana ambacho hakiliwi kwa dakika kumi, karanga njiani, kahawa ya jioni barazani na kashata yake, chakula cha usiku, na kama kuna shughuli ya mtu basi ndiyo umekaa mezani masaa matatu. Kila mara unatoa, unatafuta pa kuiweka, unasukutua, unapiga mswaki ndiyo unarudisha. Watu wengi wanaoshindwa na alaina hawashindwi na meno, wanashindwa na huu utaratibu, wanavaa masaa 14 wakidhani ni 20, trei ya tano inagoma kuingia, wanarudi nyuma, mwezi umepotea. Kwa anayefunga Ramadhani mchana ni rahisi mno, trei inakaa tangu daku mpaka futari bila kuguswa, mtihani unakuja usiku ambapo watu wanakula mfululizo.

Kwa hiyo kama ni mtoto wa sekondari anayepoteza peni tatu kwa wiki, mimi ningesema bresi bila kuzunguka. Kama ni mtu mzima mwenye kazi ya kuongea na watu na anajijua ana utaratibu, alaina zinamfaa, mradi meno yake yenyewe yanakubali.

Na hilo la meno kukubali lina uzito kuliko urembo. Alaina ni hodari wa kuinamisha jino, kufunga nafasi ndogo, kunyoosha msongamano wa kiasi, na kurekebisha meno yaliyorudi kupinda baada ya bresi za utotoni. Zinapata tabu kwenye kuzungusha jino la duara kama chonge lililogeuka sana, kwenye kulishusha au kulivuta jino kutoka kwenye fizi, na kwenye kusogeza mzizi mzima umbali mrefu, kwa mfano pale yanapong'olewa meno manne ili kupata nafasi na pengo lifungwe bila meno kulala kuliegemea. Chonge lililokwama juu ndani ya mfupa linafunguliwa kwa upasuaji mdogo na kuvutwa taratibu likiwa limefungwa kwenye waya, hapo bresi ndiyo mwenyewe. Shida ikiwa ya mataya yenyewe, la chini limetoka mbele sana au limerudi nyuma sana kwa mtu aliyekwisha kukua, wala bresi peke yake wala alaina peke yake haitoshi, linakuja suala la upasuaji wa taya. Daktari mwenye ujuzi anaweza kufanya mengi kwa alaina kuliko ninavyoandika hapa, lakini muulize wazi, "kwa meno yangu mimi, ni kitu gani alaina haitaweza?" Akikosa jibu, tafuta mwingine.

Kuna watu wa Arusha, Moshi na maeneo ya Bonde la Ufa wenye meno ya kahawia kwa sababu ya floraidi nyingi kwenye maji, hawa wajue mapema kwamba gundi inashika kwa shida zaidi kwenye enameli ya namna ile, breketi zinaweza kung'oka mara kwa mara, na vile vinundu vya alaina pia ni gundi ileile. Haina maana hutibiki, ila daktari aandae jino vizuri na wewe usishangae ukirudi kubandikiwa.

Usafi nao. Bresi zinakamata chakula, ugali na nyama vinajibana kwenye waya, na usipopiga mswaki vizuri baada ya kila mlo siku breketi zinatolewa utakuta madoa meupe yamezunguka pale zilipokuwa, ni enameli iliyoanza kuliwa, na hayaondoki kirahisi. Unaacha pia mahindi ya kuchoma, miwa, korosho, kutafuna mifupa na barafu, kwa sababu breketi inang'oka. Alaina unatoa unakula chochote, mswaki unapita kama kawaida, fizi zinapumua. Lakini ukinywa soda au juisi na trei ikiwa mdomoni umeifungia sukari juu ya jino na mate hayafiki kuiosha, hiyo ni mbaya sana kwa meno. Maumivu yapo kote, siku mbili tatu za mwanzo baada ya kukazwa waya au kubadili trei, ila bresi zinaongeza michubuko ya mashavu, dawa yake ni ile nta unayobandika juu ya breketi.

Halafu mwanya. Kwetu mwanya wa mbele ni uzuri, na programu ya kompyuta haijui hilo, yenyewe ikiona nafasi inafunga. Kama unaupenda wako, sema kabla mpango haujatengenezwa. Uzuri wa alaina unaoneshwa picha ya mwisho kwenye skrini kabla hujaanza, kwa hiyo angalia mwanya upo au umefutwa. Kwa bresi vilevile mwambie daktari siku ya kwanza, usingoje umefungwa ndiyo ulie.

Kuhusu hela, sehemu nyingi alaina zinakuwa ghali kuliko bresi za chuma kwa sababu trei zinatengenezwa kiwandani, mara nyingi nje ya nchi, na ukipoteza moja kuna gharama na kusubiri. Bresi zinataka umuone daktari kila baada ya wiki 4 mpaka 8, na madaktari bingwa wa mpangilio wa meno kwetu ni wachache na wamejaa mijini, kwa hiyo anayetoka mkoani aweke nauli na siku za ruhusa kwenye hesabu. Alaina unapewa trei kadhaa kwa mpigo, inamsaidia anayesafiri, tuseme yuko Muscat miezi mitatu na Tanga mwezi mmoja. Ila kupewa trei nyingi siyo kuachwa bila daktari. Kampuni ya Marekani ya SmileDirectClub ilikuwa inawatumia watu alaina nyumbani bila kuonana na daktari ana kwa ana, Septemba 2023 ikaomba ulinzi wa kufilisika na Desemba mwaka huohuo ikafunga kabisa, wateja wakaachwa katikati ya matibabu hawajui wamuulize nani. Jino linasogezwa ndani ya mfupa na kuna fizi na mizizi hapo, lazima kuwe na eksirei na mtu wa kuikagua. Hilo linagusa pia zile bresi za urembo zinazobandikwa saluni, na vile viplastiki vya silikoni vinavyouzwa mtandaoni kama vya kunyoosha meno, tafadhali sana usiweke mdomoni, nguvu isiyopangwa inasogeza jino hovyo au kuliumiza mzizi.

La mwisho ambalo watu hawaulizi mpaka limewakuta ni ritena, kifaa cha kuyazuia meno yasirudi yalikotoka. Ukimaliza, iwe kwa chuma au kwa plastiki, mfupa mpya bado laini na zile nyuzinyuzi za fizi zimevutika kama zinataka kurudi zilikotoka, na meno yatarudi usipoyazuia. Unapewa kiplastiki au kifaa chenye waya cha kuvaa, mwanzoni karibu muda wote na baadaye usiku, au unabandikwa waya mwembamba nyuma ya meno ya mbele usioonekana, na usiku utaendelea kuvaa maadamu unataka meno yakae pale. Ulizia bei ya ritena na ya kuibadili ikichakaa siku ileile unayoulizia bei ya bresi au alaina, maana kuna kliniki inaihesabu ndani ya bei na kuna inayoidai kando.