Mfupa wa mtoto haujinyooshi wenyewe kila mara

Wengi tumekua tukiambiwa kwamba mtoto akivunjika mguu, mfupa utajinyoosha wenyewe kadiri anavyokua. Ukweli upo, ila ni nusu. Mpindo mdogo hurekebika. Mguu uliounga ukiwa umezunguka, vidole vikitazama pembeni, mara nyingi hubaki hivyo.

La kuogopa zaidi ni jeraha la gegedu la ukuaji (tabaka laini karibu na ncha ya mfupa ambako mfupa hurefukia) lililo juu kidogo ya goti, maana gegedu hilo ndilo huleta takribani asilimia 70 ya urefu wa mfupa wa paja. Gegedu hilo likiziba upande mmoja, yaani likigeuka mfupa kabla ya wakati, mguu hupinda na kubaki mfupi. Hapo daktari anaweza kuukata mfupa na kuurefusha kwa fremu ya nje (chuma kinachofungwa nje ya mguu na kushikizwa kwenye mfupa), kama milimita 1 kwa siku. Tafadhali, mrudishe mtoto hospitalini kupigwa picha ya eksirei hata baada ya plasta kutolewa, hata kama anakimbia vizuri.